Nondo za Mto Mokala

Remigius alipochaguliwa kuwa mbunge, mwaka wa sabini na tano, majirani walidhani nitahamia naye Dar es Salaam. Sikuhamia. Mbunge wa siku zile hakuwa mtu wa fahari. Alipanda basi kama wengine, akalala kwenye hoteli ndogo kule Kariakoo, akamaliza vikao vyake, kisha akarudi nyumbani na kaunda suti imejaa vumbi la njiani. Mimi nilibaki kihambani na migomba yangu, kahawa, ng'ombe zizini na watoto. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki, shida za jimbo zilikuja kwangu.

Zilikuja asubuhi, kabla sijamaliza kukamua. Huyu dawa ya kahawa haijafika na ugonjwa unamaliza matunda. Yule mwanawe amefaulu lakini jina halikutoka. Mwingine duka la kijiji halina sabuni wala sukari, na ana arusi Jumamosi. Niliwakaribisha barazani, nikawapa mbege, pombe yetu ya ndizi, kama ipo na uji kama haipo, nikawasikiliza. Mume wangu aliporudi nilimweleza yote huku ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Alisikiliza vizuri. Kabla ya ubunge alikuwa bwana shamba, na watu wa vihamba vile aliwajua kwa kuwatembelea, hata mbwa wao walimfahamu.

Lakini shida kubwa kuliko zote ilikuwa ya mto.

Mto Mokala unashuka kutoka msituni ndani ya korongo refu, na kijiji chetu kiko upande wa mashariki. Barabara ya magari inaishia upande wa magharibi. Huko ndiko iliko hospitali ya misheni, soko, na njia ya kushuka Moshi mjini. Sisi tulivuka kwa magogo mawili ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya mawe, na kamba ya kushikilia. Kiangazi mtu anavuka huku anaongea. Masika, mvua ikipiga huko juu, maji yanakuja mekundu yakiviringisha mawe, na mngurumo wake unausikia ukiwa kitandani. Kulikuwa na daraja la gari huko chini kabisa, kwenye barabara kuu, lakini kushuka hadi huko na kupanda tena ng'ambo ni safari ya kutwa kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo mwanamke wa upande wetu, mwezi wake wa kujifungua ukiangukia masika, alihamia mapema ng'ambo kwa shangazi au dada. Asiye na mtu ng'ambo alijifungulia nyumbani kwa mikono ya Mama Dominika, mkunga wetu, na tukaomba Mungu.

Remigius alilisema daraja lile bungeni. Akajibiwa kwamba serikali inaliangalia. Akauliza tena kikao kingine. Akawa anakwenda kwenye ofisi za mkoa mara kwa mara mpaka makarani wakimwona mlangoni wanaambiana, "Mokala amekuja." Mwezi wa tisa mwaka wa sabini na nane lori likaleta saruji na nondo, likazishusha ng'ambo, mwisho wa barabara, tukajenga kibanda cha bati juu yake. Siku ile wanawake walicheza. Meku Wenseslaus, mzee wa ukoo wetu, alivuka magogo kwa fimbo yake kwenda kuzigusa zile nondo kwa mkono, akarudi akasema, "Ni chuma kweli."

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Kornel, mdogo wake Remigius. Baba yao alifariki Kornel akiwa bado mchanga, na Remigius ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akampeleka kujifunza useremala, akasimama kama baba siku ya kumposa mkewe, Anyesi. Sasa Kornel alipewa kazi ya kupasua mbao za kushikia zege. Alipasua akipiga mluzi. Anyesi alimletea chai hapo hapo kwenye vumbi la mbao. Yeye alitoka Kahe, huko tambarare, na hakuwa na ndugu hata mmoja huku mlimani zaidi yetu. Mimi na yeye tulikuwa tumeolewa na ndugu, tukaitana mke mwenza, na nyumba zetu zilitengwa na mstari mmoja wa migomba. Akikosa chumvi alipaza sauti bila kutoka jikoni. Alikuwa na mimba changa, ya kwanza.

Mwezi wa kumi ulipokwisha, redio ikatangaza kwamba majeshi ya Uganda yameingia Kagera.

Remigius alirudi kutoka Dar es Salaam akiwa amekonda uso. Hakutaka hata maji ya kuloweka miguu.

"Nimekaa na wabunge wenzangu wa kule," aliniambia. "Watu wao wametembea kwa miguu na vitanda vichwani. Wengine hawajulikani walipo. Tumekubaliana kila mkoa utoe ulicho nacho. Nami nilisimama, Mektrida, nikasema Kilimanjaro itatoa."

"Kutoa nini?"

"Daraja la kule limelipuliwa. Askari wetu wamesimama kwenye ukingo wa mto, hawana pa kuvukia."

Nikaelewa ni nondo na saruji yetu. Nikamwuliza kama ameamriwa. Akasema hapana, mkoa umemwuliza, naye amekubali.

"Nikiwaambia watu wa mikoa mingine watoe," alisema, "nami nimeficha vyangu chini ya bati, nitakuwa mtu gani?"

Swali lile ninalo hata leo.

Akaitisha mkutano pale pale kwenye kibanda. Watu walivuka wote, wazee kwa vijana. Akawaeleza kama alivyonieleza mimi, bila kupamba. Meku Wenseslaus akasimama.

"Remigius, mwanangu. Wale wana mto, na sisi tuna mto. Wetu nao utatushinda masika."

"Ni kweli, Meku."

"Vita ikiisha, zitarudi?"

"Nitazidai mimi mwenyewe. Nitakaa mlangoni kwao."

Mzee akamtazama muda mrefu. "Wewe hujawahi kutudanganya," akasema, akakaa.

Hapo ndipo Kornel alipojitokeza mbele. Alikuwa mgambo, amefundishwa kwata na bunduki miaka miwili nyuma. Akasema, "Kaka ametoa nondo. Mimi najitoa mwenyewe." Watu wakashangilia. Remigius alimshika bega. Nikamtafuta Anyesi kwa macho. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameinamisha kichwa, anang'oa majani moja moja.

Lori lilipokuja, Kornel ndiye aliyepanga watu wa kupakia. Alipakia nondo mpaka mikono ikawa na kutu. Kisha akanawa, akamuaga mkewe, akamwendea kaka yake.

"Nakuachia Anyesi."

"Nenda, mdogo wangu. Atakuwa mikononi mwangu."

Akapanda juu ya zile nondo, lori likashuka naye.

Miezi ile Remigius hakukaa nyumbani. Alizunguka jimbo zima akihimiza michango, ng'ombe, mahindi, maharage, mablanketi, na bado alikuwa na vikao vya Dar es Salaam. Lakini hakumsahau Anyesi. Mwezi wa tatu alikuja akampangia kila kitu. Anaeli, rafiki wa Remigius, mwalimu aliyekaa karibu na hospitali ng'ambo, alikubali kumpokea. Hesabu ya Mama Dominika ilikuwa mtoto atazaliwa mwisho wa mwezi wa nne. Basi Anyesi angevuka mara baada ya Pasaka.

"Kwa nini asivuke sasa?" niliuliza.

Anyesi mwenyewe ndiye aliyejibu. "Mke mwenzangu, nikakae mwezi mzima kwa watu nisiowajua? Niacheni nisali Pasaka hapa, kisha nitakwenda." Akacheka akifunika mdomo kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi yake. Remigius akasita, kisha akasema haya, Pasaka si mbali. Akasafiri.

Mvua ile ya mwaka wa sabini na tisa ilianza mapema, na ilinyesha kama iliyotumwa. Jumatano ya Wiki Kuu redio ikasema Kampala imekombolewa. Watu walitoka nje kwenye mvua wakiimba. Anyesi alikuja jikoni kwangu amelowa, ameshika mgongo kwa uzito wa tumbo, anacheka na kulia pamoja.

"Anarudi! Mke mwenzangu, Kornel anarudi!"

Kesho yake asubuhi nilimsikia akiniita kupitia migomba, na haikuwa sauti ya kuomba chumvi. Nilimkuta ameshika mwimo wa mlango. Damu ilikuwa imemchuruzika hadi kwenye visigino. Nikamwita Mama Dominika. Alimpapasa, akaniangalia, akasema neno moja tu, "Hospitali."

Wanaume wakafunga machela kwa miti na blanketi. Tulishuka korongoni tukiteleza, Anyesi ananiambia polepole, "Wasiniangushe, waambie wasiniangushe." Tulipofika, magogo hayakuwepo. Hata mawe yaliyoyashikilia hayakuonekana. Palikuwa na maji tu, mapana, yanakimbia na miti mizima ndani yake.

Kijana mmoja alijifunga kamba kiunoni akaingia. Mto ukamtwaa hapo hapo, wenzake wakamvuta akatoka na paji la uso limepasuka. Wengine wakasema tushuke hadi barabara kuu. Mama Dominika akasema, "Mkimtikisa hivyo atawafia njiani."

Tukakata majani ya migomba tukamjengea kibanda kidogo ukingoni. Mtu wa ng'ambo alikuwa ametuona, akakimbia hospitali. Baada ya muda Landrova ikafika mwisho wa barabara, pale pale palipokuwa na kile kibanda cha bati. Akashuka nesi wa Kichagga, na nguo yake nyeupe, akaja mpaka maji yanapogusa viatu. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona anavyopepesa macho kwa mvua. Akatuita. Hatukusikia kitu. Mto ulikuwa unameza kila sauti.

Mtoto alizaliwa hapo, chini ya yale majani. Msichana, mdogo, lakini alilia. Nikamfunga kwenye khanga yangu, nikamweka kifuani ndani ya nguo. Anyesi akauliza, "Ni nani?"

"Msichana."

"Mfunike vizuri. Kuna baridi."

Lakini damu haikukata. Nesi kule ng'ambo aliona tunavyohangaika, akaelewa. Akashika tumbo lake mwenyewe, akalisugua kwa kiganja kwa nguvu, akatuonyesha, akatuonyesha tena. Mama Dominika akafanya vile vile. Mmoja upande ule, mmoja upande huu, mikono yao ikienda pamoja. Nilimwona yule nesi anasugua huku analia. Wanaume walikuwa wametugeuzia migongo kwa heshima, wamesimama kwenye mvua wameshika kofia.

Anyesi alisema ana usingizi. Nikamwambia asilale, nikamwita jina, nikamwambia habari za Kornel, kwamba gari la askari limefika Moshi, kwamba anapanda kilima sasa hivi. Nilisema uongo wote nilioujua. Mkono wake ukawa mzito ndani ya wangu.

Nesi alipoona Mama Dominika ameacha kusugua, naye akaacha. Akabaki amesimama pale na mikono yake imening'inia.

Polisi walimpelekea Remigius habari. Alisafiri kwa basi, akafika mwisho wa barabara Jumamosi Kuu, saa tuliyokuwa tunamchukua Anyesi kwenda kaburini, kihambani kwao. Katekista wetu ndiye aliyesali, maana padri naye hakuweza kuvuka. Mtu mmoja akaja kuninong'oneza kwamba Ndugu Mbunge yuko mtoni. Nikamwachia mwingine mtoto nikashuka.

Alikuwa amesimama mahali alipokuwa amesimama nesi. Ameshika mfuko wake wa safari. Nilinyoosha mkono kuonyesha juu, kihambani, kisha chini, ardhini. Akaelewa. Akavua kofia, akapiga magoti kwenye tope na ile kaunda suti yake. Tulikaa hivyo, mimi huku na yeye kule, mpaka nikasikia wimbo wa mwisho umekwisha huko juu nikajua wamefukia.

Maji yalipungua kesho yake, siku ya Pasaka. Wanaume wakalaza magogo mapya naye akavuka. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kaburini.

Hakuna aliyemlaumu. Laiti wangemlaumu. Meku Wenseslaus alikuja na kibuyu cha mbege, akakaa naye, wakazungumza habari za mvua. Wanawake walileta ndizi na maziwa ya mtoto. Wakaondoka kwa adabu. Ila asubuhi zilizofuata nilikamua ng'ombe mpaka nikamaliza bila mtu kubisha hodi. Baraza langu likawa jeupe. Shida hazikuwa zimekwisha, watu walikuwa wameacha tu kuzileta kwetu.

Remigius alitaka kumpelekea Kornel habari huko vitani. Mkubwa mmoja wa jeshi akamshauri asifanye hivyo, mtu akipata habari kama ile anaacha kujilinda. Akasubiri. Usiku sikuwa nauliza, nilijua yuko macho. Mtoto alilala katikati yetu. Tulimwombea ubatizo kwa jina la Redempta, na alikua kwa maziwa ya ng'ombe niliyoyachanganya na maji, kijiko kwa kijiko.

Askari walirudi baada ya miezi. Moshi mjini ilijaa watu, shule zote zilitoka na ngoma na majani ya kupunga. Wabunge na wakubwa wa mkoa walikaa jukwaani. Remigius aliniomba asiende, kana kwamba mimi ndiye wa kutoa ruhusa.

"Usipokwenda," nilimwambia, "ataambiwa na mtu mwingine."

Nilisimama na mtoto mgongoni karibu na jukwaa. Malori yakaja. Nikamwona Kornel kabla hajaniona, amekomaa uso, mweusi kwa jua, anacheka, anapunga, na macho yake yanatafuta katika umati. Akaruka chini lori halijasimama vizuri. Akaja kwangu mbio.

"Shikamoo shemeji! Huyu ndiye? Huyu ndiye wangu?" Akamgusa mtoto shavu kwa kidole kimoja, taratibu sana, kama anayeogopa kumchafua. Kisha akatazama nyuma yangu, kulia, kushoto. Akanitazama tena. Kicheko kilikuwa bado kipo usoni lakini kilikuwa kinazimika.

"Shemeji, mbona umembeba wewe?"

Nikasikia mtu anashuka ngazi za jukwaa. Huko juu kiongozi mmoja alikuwa anahutubia juu ya ushindi na watu wanapiga makofi. Remigius akamshika mdogo wake mkono, akampeleka nyuma ya lori. Nilisikia kidogo tu.

"Lini?"

"Alhamisi Kuu."

"Alikuwa hospitali?"

"Hakufika, Kornel. Mto ulijaa."

Kornel akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa vizuri maelekezo ya kazi, "Mto wetu? Mokala?"

Tulipanda kilima pamoja, watatu na mtoto.

Kornel alirudi nyumbani kwake ng'ambo ya migomba. Hakugusa randa wala msumeno. Zile mbao alizopasua kwa ajili ya zege alizikuta bado zimepangwa, akazichoma jikoni moja baada ya nyingine. Alikuja kumwona mtoto kila jioni, akampakata, akamrudisha, akaenda. Kwa kaka yake alisema shikamoo na kuitikia. Basi.

Ikafika siku Remigius hakuweza tena kuvumilia. Nilimwona asubuhi anakwenda kwenye mpaka wa kihamba, anakata jani la sale. Kwetu mtu akikuletea sale kuomba msamaha, hukatai. Hata kama amekuua ndugu, hukatai. Nikamfuata kwa nyuma.

Kornel alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Aliliona lile jani kabla kaka yake hajafika.

"Simama hapo, kaka," akasema. "Tafadhali. Usinipe hilo."

Remigius akasimama.

"Ukinipa nitalipokea, kwa sababu baba angelipokea. Na nikilipokea nitakuwa nimesema nimesamehe. Sijasamehe. Usinifanye niseme uongo mbele ya kaburi la Anyesi."

"Nilikuahidi atakuwa mikononi mwangu," alisema Remigius.

"Ndiyo."

"Nilidhani nafanya haki."

"Ulifanya haki!" Kornel alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpazia sauti kaka yake. "Hiyo ndiyo inayonimaliza. Kule Kagera tulivuka mto juu ya daraja la haraka haraka, nikawaambia wenzangu, humu ndani kuna nondo za kwetu. Nilijivuna, kaka. Nilikanyaga kwa kujivuna. Ungekuwa mwizi ningekuchukia nikapona. Sasa nimchukie nani?"

Remigius akalishusha lile jani.

"Basi nifanye nini, mdogo wangu?"

"Sijui. Ningejua ningekwambia."

Mume wangu aligeuka akarudi. Jani aliliweka juu ya ukuta wa zizi, na ng'ombe wakalila.

Mwaka wa themanini alilisema tena daraja bungeni. Akajibiwa kwamba taifa limetoka vitani, hazina ni tupu, watu wafunge mkanda. Alikuwa amekwenda kukaa mlangoni kwao kama alivyomwahidi Meku Wenseslaus, na wakubwa walimpokea kwa heshima, wakampa chai ya rangi bila sukari, wakamweleza ukweli kwamba nondo hakuna nchi nzima. Uchaguzi wa mwaka ule alipewa alama ya nyumba, mpinzani wake jembe. Kwenye mikutano ya kampeni alizungumza vizuri habari za taifa, na alipofika kwenye neno Mokala alikuwa anasimama, anakunywa maji. Alishindwa. Hata kijijini kwetu alishindwa. Tuliposikia matokeo redioni, alizima, akavaa gambuti zake, akaenda kupogoa kahawa.

Kornel hakukaa sana baada ya uchaguzi ule. Alipata shamba la mpunga kule Mabogini, akasema mlimani hapaendi tena, kila akilala anasikia maji. Akamchukua Redempta. Alikuwa ni mwanawe, sikuweza kusema neno. Nilimfungia nguo zake, nikampikia mtori wa kula njiani, nikamvisha sweta ambayo huko tambarare hataihitaji. Alikuwa amezoea mgongo wangu. Alipowekwa kwenye mgongo wa baba yake alinyoosha mikono kunidai, na nilisikia kilio chake kikishuka korongoni, kikavuka, kikapotea.

Daraja lilikuja kujengwa mwaka wa themanini na tatu. Misheni ilitoa saruji, mbunge mpya akapata vyuma sijui wapi, na sisi tukabeba mawe. Remigius alibeba na wengine. Mtu mmoja alimwambia, "Mzee, pumzika," akasema hajachoka. Siku ya ufunguzi hakuna aliyemtaja, si kwa ubaya, hotuba zilikuwa ndefu. Yeye alikaa nyuma pamoja na waliobeba mawe, akala pilau yake.

Baada ya ufunguzi tulishuka Mabogini kumwona mtoto. Ulikuwa wakati wa mpunga kukomaa, na ndege walikuwa wengi kama moshi. Redempta alinisalimia kwa heshima kama mgeni, akakimbilia kucheza. Kornel alituandalia wali na samaki wa mferejini. Alikuwa bado hajaoa. Baada ya kula alichukua kombeo lake kwenda kufukuza ndege, na bila kusema kitu akachukua la pili akampa kaka yake.

Niliwatazama kutoka kivulini. Walitembea juu ya tuta jembamba la jaruba, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakirusha madongo na kupiga kelele za kufukuza. Kelele zile tu. Ndege wakiruka huku wanatua kule, nao wanahamia kule. Jua lilipoanza kulegea, Kornel alisimama, akamngoja kaka yake aliyekuwa anahema, akamtoa tope begani kwa kiganja. Kisha wakaendelea.

Hakusema kwamba amesamehe, na mume wangu hakumwuliza. Wakati wa kuondoka alitufungia mfuko wa mchele mpya, akaubeba mwenyewe hadi barabarani. Kwenye gari Remigius aliupakata mapajani kama mtoto, ameinamisha uso juu yake, na mimi nikatazama nje, kwenye mashamba ya miwa, ili alie vizuri.